Pingu Namba Thelathini na Moja

Nyinyi mnaoingia kazini sasa mmezoea pingu za kubana. Unagusa kifundo cha mkono wa mtu, zinalia ka!, na shughuli imekwisha. Za zamani zilikuwa nyingine. Zilikuwa chuma kizito, na ufunguo wake ulikuwa na meno ya kuzunguka kama skrubu. Kufunga ulisukuma tu, kufungua ndiko kulikokuwa na kazi. Ulitia ufunguo ukazungusha, ukazungusha tena na tena mpaka pete ikaachia, kisha ukazungusha kinyume ili kuutoa, ndipo uende kwenye pete ya pili. Mezani, penye mwanga, kwa mtu asiye na haraka, pete moja ilinichukua nusu dakika. Nimepima kwa saa ya mkononi mara tano, mwaka huu huu, nikiwa tayari nimestaafu na sina mtu wa kumfunga.

Nitasema kwa nini nilipima. Mimi ni mtu wa kupanga mambo, kila jambo na mahali pake, lakini hili limenivuruga. Nikiruka mbele au nikirudi nyuma, mnivumilie. Mwezi wa tatu sasa, na bado nikiamka asubuhi najikuta nimekaa kitandani nimeshika kifundo changu cha mkono.

Niliacha shule darasa la saba. Kilichonipandisha cheo mpaka sajini hakikuwa cheti, kilikuwa mwandiko. Nilijifunza sheria kwa kununua vitabu vilivyotumika, na Kiingereza cha ofisini kwa kunakili barua za wakubwa baada ya kazi. Katika kituo changu cha mwanzo, kituo cha visiwani ambacho sitakitaja, nilimkuta Sajini Kilonzo, mtu wa bara aliyeogopa bahari kuliko alivyomwogopa mkuu wake. Akipanda boti alikikumbatia kitabu cha matukio kifuani kana kwamba kitaelea.

Kilonzo alinifundisha kuandika. Kanuni yake ilikuwa kwamba kila anayehusika na tukio aandikwe jina, umri, kazi na mahali anapokaa, bila kuacha nafasi tupu. Wiki yangu ya kwanza aliletwa punda aliyeingia duka la mtaa wa Mkomani akala nusu gunia la unga. Nikaandika kama nilivyofundishwa. Kilonzo akasoma, akavua miwani.

"Kijana, hapa umeandika nini?"

"Jina, afande. Nimeandika kwamba mshtakiwa amekataa kulitaja."

"Na kazi?"

"Kubeba mawe ya matumbawe, afande."

Alicheka mpaka mahabusu nao wakacheka. Halafu akaniambia neno ambalo nimelirudia kwa kila konstebo aliyepita mikononi mwangu: "Andika ulichokiona. Usichokiona, andika kwamba hukukiona." Nililishika sana. Niliwatesa vijana wangu kwalo. Na ndilo nililolivunja mwenyewe, kwa mwandiko mzuri kabisa, bila kujua.

Ilikuwa hivi. Miaka kadhaa baada ya Kilonzo kurudi kwao, mchwa waliingia stoo wakaanza kula rejista za zamani, zile za askari wa kaptula, kabla ya Uhuru. Mkuu wa kituo akanikabidhi daftari jipya na kuniambia ninakili kilichobaki. Nilikaa na kazi hiyo miezi minne. Sikuruka nukta. Palipoliwa niliandika "pameliwa". Na katika ukurasa wa askari waliotoka kituoni bila kurudi nilikuta mstari huu, nikaunakili kama ulivyokuwa: Konstebo Lali, mtu wa Shela, alitumwa Pate kumleta mshtakiwa mmoja wa kukata boriti bila kibali. Hakurudi. Ametoroka pamoja na mshtakiwa. Pingu namba 31 imepotea. Pembeni, kwa wino mwekundu, neno moja: MTORO.

Nami nikatafuta kalamu nyekundu, nikaliandika vilevile. Nakumbuka niliona fahari kwamba herufi zangu zimefanana na za asili.

Sasa nije kwa Bi Mwanaisha. Huyu ni binti yake Lali, mtoto pekee. Babake alipopotea, yeye hakuwa ametimiza miaka miwili. Mamake alitolewa katika nyumba za askari, akahamia kwa ndugu zake Mkomani, na huko akafa akiitwa mke wa mtoro. Bi Mwanaisha mwenyewe aliletewa posa mbili ujanani, na zote mbili zilirudi. Amekaa peke yake katika nyumba ya mamake, anashona kofia za vito, zile zenye matundu madogo ya kudarizi, na watu wa mtaa humheshimu kwa mbali.

Siku moja, miaka mingi nyuma, alikuja kaunta. Nilikuwa zamu. Foleni ilikuwa ndefu, watu wa vitambulisho vilivyopotea, wavuvi wa nyavu zilizoibwa. Akasema kwa sauti ndogo kwamba anataka kujua kitabu kinasema nini juu ya babake. Ningeweza kumwita ndani. Ningeweza kumpa kiti. Nilikwenda stoo nikaleta daftari langu, nikalifungua pale kaunta, nikamsomea kwa sauti ileile ninayosomea kila kitu, mpaka neno la wino mwekundu. Foleni yote ilisikia. Kijana mmoja nyuma akasema, "Eh, kumbe kweli!" Bi Mwanaisha akashukuru, akajifunika vizuri, akatoka. Nikaandika kwamba raia mmoja ameuliza habari na amejibiwa ipasavyo.

Hilo ndilo kosa langu, na nimelitaja mapema ili msidhani naelekeza kidole kwa wafu peke yao.

Mwaka jana, nikiwa nimeshastaafu, kituo kiliamua kuweka ubao ukutani wenye majina ya askari wa mwanzo waliokufa wakiwa kazini. Waliniita kwa sababu rejista nazijua. Nikakubali kwa furaha. Utaratibu wangu ulikuwa hatua tatu: kitabu, shahidi, kaburi. Jina lisilopita zote tatu haliingii mpaka niridhike.

Nilipata matatu. Wa kwanza aliumwa na nyoka akilinda ghala la mahindi upande wa bara, na kitabu kinasema mwenzake alitembea siku nzima kutafuta dawa akarudi na dawa mkononi. Wa pili alipigwa risasi na wezi wa ng'ombe, na mali yake iliyoorodheshwa ni sufuria, mkeka na miswaki miwili. Wa tatu alikanyagwa na nyati akimsukuma mtoto wa mtu nje ya njia. Kila mmoja ana mstari mmoja, wengine mstari na nusu. Nilikaa na mistari hiyo nikashangaa jinsi tulivyoipita miaka yote tukitafuta habari za nyavu.

Habari za ubao zilienea mji mzima. Asubuhi moja Bi Mwanaisha akapiga hodi kwangu. Hakutaka kuingia, akakaa dakani, penye kiti cha mawe mlangoni.

"Nimesikia mwaandika majina."

"Ndiyo, Bi. Ya waliokufa kazini."

"La babangu limo?"

Nikamjibu kwa upole, lakini nikamjibu yaleyale. Nikamwambia ubao ni wa waliokufa wakitumika, na kitabu kinasema babake aliondoka.

"Alikufia wapi?" akaniuliza.

"Haijulikani, Bi."

"Lini?"

"Haijulikani."

"Kuna mtu alomuona kwa mato yake akikimbia?"

Hilo sikuwahi kulitafuta kitabuni.

"Basi mwanangu," akasema akiinuka, "mambo yote hamyajui, ila neno tu ndilo mlijualo."

Aliondoka taratibu, akishika ukuta wa njia. Mimi nilibaki pale mpaka jua likafika miguuni. Mtu aliyesomea vitabu vya sheria kwa miaka thelathini alikuwa ameulizwa maswali matatu na mshona kofia, na ameshindwa yote. Andika ulichokiona. Nani aliyemwona Lali akitoroka? Nilirudi kituoni nikasoma tena kilichoachwa na mchwa. Shahidi alikuwa mmoja, mwenye boti. Naye alisema hivi tu: alisubiri penye kina kirefu nje ya Mtangawanda, panaposhukiwa kwenda Pate, mpaka maji yakajaa, na hakuja mtu.

Hakuja mtu. Hakusema walikimbia. Hilo la kukimbia liliongezwa na mwenye kalamu.

Hapo ndipo nilipokumbuka jambo jingine.

Nilipokuwa konstebo mpya nilipangwa kazi Pate mwaka mmoja na nusu. Katika kijiji kimoja karibu na Mtangawanda kulikuwa na khitma kila mwaka, ya mtu waliyemwita Bwana Askari. Walisoma msikitini, kisha wakaenda kaburini, kisha wakala pamoja. Nilialikwa kwa sababu ya sare. Nilidhani ni mtu mwema wa kale, labda askari wa masultani. Nilikula pilau yake mara mbili, na sikuuliza jina. Mimi, ninayeandika kazi ya punda!

Na mzee aliyetunawisha mikono, mtu mwembamba aitwaye Kombo, kila aliponifikia alitazama ukanda wangu.

"Ufunguo wako uko wapi, mwanangu?"

"Mfukoni, mzee."

"Mfuko gani?"

"Huu wa kulia."

"Uweke mahali mkono wowote unafika," akasema, na akaendelea kumimina maji. Mwaka wa pili akaniuliza vilevile. Wenzangu walinicheka kwamba nimepata mkaguzi wa vifaa. Kumbukeni hili kwa faida yenu, maana ni ushauri sahihi: ufunguo usiwekwe mahali ambapo mkono mmoja tu unafika. Niliufuata kazi yangu yote. Sikujua ninafundishwa na nani.

Nikapanda boti ya abiria. Kabla hamjaniuliza, sikuwa na dhana iliyokamilika. Nilikuwa na daftari dogo lenye namba nilizonakili, na nilikuwa na hofu.

Mzee Kombo alikuwa amefariki zamani. Mlinzi wa msikiti sasa ni mwanawe, Omari, mtu wa umri wangu. Tulikaa barazani. Nilimweleza habari ya ubao, kisha nikamuuliza, "Yule Bwana Askari wenu aliitwa nani?"

Omari aliangalia mikono yake.

"Nauliza kwa sababu kuna mtu mzima Mkomani anamtafuta babake," nikasema.

"Yu hai?" Alisema hivyo kwa ghafla, akanishika goti. "Yule mtoto? Yu hai?"

Nikajua. Nilijua kabla hajainuka. Aliingia msikitini, akafungua sanduku la mbao linalowekwa juzuu, akatoka na kitu kilichofungwa kwa kitambaa cheupe. Akakiweka juu ya mkeka baina yetu. Nilikifungua. Pingu za zamani, nyeusi, zinang'aa kwa mafuta ya nazi, na ufunguo wake umefungiwa uzi. Nikaigeuza pete. Namba iligongwa kwenye chuma: 31.

Vijana, nimeona maiti nyingi. Nimebeba watu ambao sitawaelezea. Lakini kile chuma kisafi nilikifunika tena kwa kitambaa chake, kama ninavyofunika maiti.

"Niambie," nikamwambia Omari, "na uniambie ulichosikia kwa babako mwenyewe, si kwa watu."

Akanieleza. Siku hizo hapakuwa na gati. Maji yakitoka, boti ilisimama mbali penye kina, na wewe ulitembea kwenye tope katikati ya mikandaa, hii mikoko inayokatwa boriti, mpaka uifikie. Mshtakiwa wa boriti alikuwa Kombo. Konstebo Lali alimfunga kama kanuni ya wakati ule ilivyotaka, pete moja kwa mshtakiwa na pete ya pili kwa askari mwenyewe. Kanuni hiyo haipo tena, na msiirudishe. Walichelewa kutoka kijijini kwa sababu Lali alimruhusu Kombo amsubiri mkewe alete nguo. Njiani maji yakaanza kurudi. Walipovuka mkono wa maji, Lali akakanyaga tope laini, akazama mpaka kiunoni. Kombo akamvuta, naye akazama magoti. Kadiri walivyovutana ndivyo pingu ilivyowaangusha wote wawili.

"Baba alisema maji yalikuwa yamefika hapa kwa askari." Omari akagusa kifua chake. "Akatoa ufunguo kwa mkono uliobaki. Baba akamwambia, 'Fungua mkono wako kwanza, uwe mwepesi.' Akamwambia, 'Wangu hautanisaidia, miguu ndiyo iliyoshikwa. Tulia, usitikise.' Akawa anazungusha. Baba alikuwa analia, askari anazungusha. Ufunguo ulimteleza mara moja, akaudaka. Pete ikaachia. Akamwambia, 'Lala kifudifudi utambae, kisha kimbia ukaite watu.'"

"Akakimbia?"

"Akakimbia, akaita, akarudi na watu watatu na kamba. Maji yalikuwa yamefunika kila kitu. Walingoja maji yatoke. Walimkuta amesimama."

Amesimama. Nilimwomba arudie, nikidhani sikusikia. Akarudia.

Walimchimbua kwa mikono. Wakati wa kumuosha, chuma kilikuwa bado mkononi mwake, na hakuna aliyejua kukifungua. Kombo ndiye aliyesogea akachukua ufunguo. Alikuwa ameona unavyozungushwa.

Nikamuuliza lile lililokuwa linanichoma. "Kwa nini hamkusema?"

"Askari walikuja siku ya tatu wakiwa na hasira. Kijiji kilimzika mtu wa serikali bila kibali, na aliyefungwa naye yuko hai. Nani angeamini? Wazee walidhani watamnyonga baba, wakamficha mashambani. Kisha habari ikaja kwamba serikali imesema katoroka. Wazee wakasema, alhamdulillahi, kwa mtoro hanyongwi mtu. Wakamwapisha baba anyamaze."

"Na baada ya Uhuru?"

"Ukichelewa siku moja una woga wa siku moja, Bwana Sajini. Yeye alikuwa na woga wa miaka. Alijua kuna mtoto. Alikwenda Mkomani mara mbili, akafika mlangoni, akarudi. Pingu tuliambiwa ni amana, ipakwe mafuta kila khitma, na akija mwenye haki apewe."

"Mwenye haki alikuwa akitembea akiitwa mwana wa mtoro!" Nilipaza sauti barazani kwa watu, jambo nisilolifanya. Omari akainamisha kichwa. Nami nikakumbuka kaunta, na foleni, na sauti yangu.

Nilichukua maelezo yake kwa maandishi, nikamsomea, akatia sahihi. Nilikwenda kaburini. Lina mawe mawili ya matumbawe, kichwani na miguuni, yamepakwa chokaa mwaka huu. Hatua tatu zikawa zimekamilika. Kisha nikapima ule ufunguo palepale kwa Omari, mara tano. Nusu dakika, mezani. Majini, kwa mkono mmoja, mbele ya mtu anayelia, sijui. Nisichokiona naandika kwamba sikukiona.

Mkuu wa kituo wa sasa ni kijana, ana shahada, na ni mtu mzuri. Alisoma karatasi zangu akajikuna kidevu.

"Afande, hapa pia kuna kosa la kuficha maiti."

"Lipo. Waliolifanya wote wamekufa."

"Na rejista inasema ametoroka."

"Rejista niliiandika mimi. Nimeleta maelezo ya pili, yanayosema mwandishi alinakili dhana akaiita habari. Nimetia sahihi."

Akachukua simu, akampigia fundi wa ubao, akamwambia asimamishe kazi kwa sababu kuna jina la kutangulia. Lali sasa ni wa kwanza katika ubao ule, kwani ndiye aliyekufa kabla ya wale watatu.

Kumwambia Bi Mwanaisha kulikuwa kugumu zaidi. Nilikwenda asubuhi. Alikuwa na kofia magotini na sindano mdomoni.

"Umekuya kunisomea tena?" akasema.

"Nimekuja kusema nilikosea, Bi."

Nikamweleza yote, kwa mpangilio, bila kupunguza. Sindano aliitoa mdomoni akaichomeka kwenye kofia, na mikono yake ikabaki vilevile, imening'inia hewani kidogo, kama mtu aliyesahau anachokishika. Nilipofika pale babake alipokutwa amesimama, akasema, "Ngoja." Nikangoja. Jirani mmoja akapita akatoa salamu, hakujibiwa.

"Endelea," akasema.

Nikamaliza. Akauliza maswali yake kama alivyouliza dakani kwangu, mafupi.

"Huyo mtu aliishi?"

"Aliishi, Bi. Miaka mingi."

"Alijua niko?"

"Alijua. Alifika hapa mlangoni mara mbili."

Akageuza uso akautazama mlango, akautazama kwa muda mrefu, mlango wa mninga wenye komeo la chuma. Nilitamani alie. Hakulia.

"Mamangu alikufa akimuomba Mungu amsamehe mumewe," akasema. "Alikuwa akimuombea msamaha wa nini?"

Niliokota uzi wake ulioanguka, nikampa. Mjifunze hilo pia. Kuna wakati mwananchi hataki jibu la kituo.

Mwishowe akaniambia nimpeleke kaburini, lakini kwanza twende kaunta. Tulikwenda siku iyo hiyo. Palikuwa na watu wengi, kama kawaida ya asubuhi. Akasimama nje ya kaunta, akaniambia nipite ndani. Nilipita, mtu mstaafu aliyevaa kanzu, vijana wa zamu wakinitazama.

"Soma," akasema.

Nikasema kwa sauti kwamba Konstebo Lali wa Shela hakutoroka, kwamba alikufa kazini, na kwamba alimfungua mshtakiwa wake akabaki yeye. Konstebo mmoja wa kike akasimama wima, bila amri ya mtu, na wengine wakamfuata. Bi Mwanaisha akasikiliza mpaka mwisho, akashukuru, akajifunika vizuri, akatoka. Safari hii nilimfuata.

Wiki iliyofuata tulipanda boti ya abiria. Nilikuwa nimempigia Omari simu nikamwambia siku tu, basi. Njia nzima Bi Mwanaisha alishika mfuko wenye ubani na kofia moja mpya ya vito. Pale boti ilipopunguza mwendo kuingia Mtangawanda, tukaona gati limejaa. Watu walisimama toka mwanzo mpaka mwisho wake, wazee, wanawake wamebeba watoto, wavulana wenye fulana za mpira, na wasichana wa skuli ambao siku hiyo hawakwenda skuli. Hakuna aliyekuwa na mzigo.

"Yeo abiria ni wengi," akasema.

"Hawa wa leo si abiria, Bi."

"Ni nani?"

Nami ndiyo kwanza nilikuwa nimeelewa. "Ni watoto wa Kombo. Na wajukuu, na vitukuu."

"Hawa wote?"

"Wote."

Alishika ukingo wa boti. Macho yake yalitembea juu ya gati polepole, uso kwa uso, hakuruka hata mmoja. Nilimwona akifikia kitoto cha miezi michache begani kwa mamake, akakiangalia, akarudi mwanzo akaanza tena. Omari alikuwa mbele kabisa, amebeba pingu ndani ya kitambaa chake cheupe. Nahodha alikuwa amezima injini.

Kisha Bi Mwanaisha akainuka, akajifunika, akaupanga mfuko wake mkononi.

"Waambie wanipishe," akasema. "Nimekuya kwa babangu. Wao nitawaamkia nikirudi."

Wakapisha.